Inchi Tatu za Heshima

Bibi Futi, binti wa mshona maturubai aliyelifunika soko zima kwa sindano ya mkono, mjukuu wa mwanamke aliyebeba cherehani kichwani mwendo wa siku mbili bila kumwomba mwanamume yeyote amtue, mjane wa fundi viatu, mshonaji wa sare za shule kwa vizazi vitatu na wa magauni ya maharusi mia moja na kumi na wawili ambayo hakuna hata moja lililofumuka ukumbini: habari hii ni yake. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye vyeti. Mtaani aliitwa Bibi Futi kwa sababu ya ule utepe wa kupimia nguo ambao mafundi huuita futi, na ambao yeye aliuvaa shingoni siku nzima, akienda sokoni, akienda hata msibani.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja kilichotazamana na ghala la saruji, kwa hiyo vitambaa vyeupe alivifungia sandukuni na kuvitoa siku ambayo malori hayapo. Cherehani zilikuwa mbili: ya miguu, ambayo ndiyo ile ya bibi yake, na ya umeme, ambayo ilikuwa na hasira. Kwenye rafu juu ya kioo yalipangwa madaftari ya vipimo, moja kwa kila mwaka, na humo ndani mlikuwa na vifua, viuno na nyonga za mtaa mzima, tangu wengine wakiwa wasichana wa shule mpaka walipopata wajukuu. Alisoma shule ya msingi tu, lakini kipimo akishakichukua mara moja hakimtoki kichwani. Angeweza kukutana na mama fulani njiani akamwambia, "Mwaka ule wa mafuriko ulikuwa ishirini na nane, ukashona gauni la bluu lenye vifungo sita," na yule mama akasimama akacheka mpaka machozi, maana ni kweli, na gauni lenyewe lilishageuka tambara la kudekia.

Sasa, kiuno cha mwanamke kina adabu zake. Mteja akisimama mbele ya kioo, Bibi Futi alizungusha futi, akaibana kwa kidole, akaisoma kimoyomoyo. Futi ikisema thelathini na tisa, yeye alitamka thelathini na sita.

"Ngapi, Bibi?"

"Thelathini na sita."

"Kumbe bado nipo nipo!"

"Upo, mwenzangu. Uende wapi?"

Akaandika thelathini na sita, kwa sababu mteja alikuwa anachungulia daftari. Kisha siku ya kukata kitambaa aliongeza zile tatu alizozimeza, akaacha na akiba ndani ya mshono, na gauni likamkaa mwenyewe barabara. Hizo aliziita inchi tatu za heshima. Alifundishwa na mama yake, na hakuwahi kuona ubaya wake. Waliokwenda na namba zake kwa mafundi wengine walirudi wakilalamika, "Yule hajui kukata, kanibana kama soseji," na Bibi Futi alitikisa kichwa kumsikitikia yule fundi.

Mwaka mmoja watu wa mtaa ule walianza kuanguka. Mwalimu alianguka ubaoni chaki ikiwa mkononi. Karani wa posta akapofuka jicho moja, halafu la pili. Mama mwenye genge la mboga alipooza upande wa kushoto, akafa kabla mvua hazijaanza, na genge likarithiwa na mdogo wake. Zahanati ikasema ni sukari na presha, na kwamba vyote viwili vinapanda pamoja na viuno. Ndipo ulipoletwa mradi, na pamoja nao nesi mmoja kijana, mwembamba kama uzi wa kutungia sindano.

"Huyu ndiye wa kutufundisha sisi?" wakanong'onezana wanawake. "Upepo ukivuma si atashika nguzo?"

Lakini nesi alikuwa na akili. Siku ya tatu alikwenda dukani kwa Bibi Futi, akamwamkia, akaketi kwenye benchi kama mteja.

"Bibi, mimi nikiwajia na futi wananikimbia. Wengine wananifungia mlango. Wewe umewapima wote."

"Wote," akasema Bibi Futi. "Na waliokufa."

"Basi nisaidie. Kila miezi mitatu tuwapime viuno. Mwanamke akizidi inchi thelathini na tano, anaandikiwa kadi, anakuja zahanati kupimwa damu. Tukiwahi, tunaokoa mtu. Asubuhi tutatembea uwanja wa shule, mizunguko minane. Wewe watakufuata."

Bibi Futi alikuwa mwanamke wa kujiona, na hakulificha. Alinyoosha kitambaa mezani, akamwacha nesi asubiri kidogo, kisha akakubali. Siku ile ile alianza kushona fulana hamsini za mradi, bila mtu kumwagiza.

Kosa la kwanza halikuwa lake. Kadi zilipofika zilikuwa nyekundu. Nani aliwashauri rangi ile, haijulikani. Siku ya uzinduzi nesi alipima wanawake watano mwenyewe, watatu wakazidi, na kwa kuwa alitaka kila mmoja aichukue kadi yake, akasoma majina kwa sauti mbele ya mkutano. Wa kwanza alikuwa Mama Mboga, huyu huyu aliyerithi genge. Wanaume waliokuwa wanacheza drafti kibarazani walipiga filimbi.

"Kadi nyekundu! Mama, toka nje ya uwanja!"

"Refa, huyo kamchezea nani rafu?"

"Sufuria!"

Wiki nzima Mama Mboga hakuweza kuuza bamia bila mtu kumpulizia filimbi. Hakwenda zahanati. Kadi aliichana akawashia jiko.

Kuanzia hapo wanawake walimjia Bibi Futi na macho ya kuomba. Walisimama tu mbele ya kile kioo, wakavuta tumbo ndani, wakamtazama. Na yeye alijua kazi yake. Maisha yake yote ilikuwa ni kumsitiri mtu.

Miongoni mwao alikuwemo mdogo wake wa tumbo moja, aliyekuwa mpishi wa shule, na mtaa mzima ulimwita Mpishi. Alikuwa mkubwa wa umbo, mwenye kicheko kilichosikika kabla yake, mikono imeungua mvuke wa masufuria, miguuni buti za mpira siku nzima. Bibi Futi ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alimshonea gauni la kwanza la shule, la harusi, na la ujane.

"Haya, dada, nisomee," Mpishi akasema siku ya kwanza, mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. "Lakini ujue kule shuleni walimu wanasubiri nipate kadi wanicheke mpaka muhula uishe."

Futi ilisema thelathini na nane.

"Thelathini na tano," akasema Bibi Futi.

"Kamili?"

"Kamili. Hujazidi."

"Mnasikia nyie?" Mpishi akawageukia waliokuwa kwenye foleni. "Sijazidi! Na mimi ndiye ninayeonja!"

Wakacheka wote. Ikaandikwa thelathini na tano kwenye daftari la mradi, daftari kubwa jekundu kwa nje, na hakuna aliyetia shaka.

Asubuhi walitembea. Ilikuwa raha kuwaona, wanawake arobaini na tatu, fulana moja, wakizunguka uwanja wa shule jua likichomoza, wakipiga soga kuliko walivyopiga hatua. Wenye drafti waliwapigia makofi, halafu wakazoea wakaacha. Mzunguko wa nane ukiisha walikaa langoni, na mwenye karai la vitafunwa vya kukaanga alikuwa ameshajua saa yao.

"Tumetembea, tumestahili."

"Moja tu, mwenzangu."

"Moja ya mkono wa kulia, moja ya mkono wa kushoto."

Nesi aliwagombeza, wakamfichia nyuma ya mgongo kama watoto, midomo inang'aa mafuta.

Ilipofika miezi mitatu walipimwa tena, kwa zamu, wiki nzima. Bibi Futi alisoma futi yake, na moyo ukamshuka. Wachache walipungua nusu inchi. Wengi walikuwa vile vile. Wengine walizidi. Na kila mmoja alikuwa anamtazama usoni, ameamka alfajiri siku tisini, amesemwa na mumewe, ameacha watoto bila chai. Je, awaambie wamejitesa bure? Mama wa pili kwenye foleni aliambiwa ukweli, kwamba hajapungua hata kidogo, na kesho yake hakuja uwanjani, wala kesho kutwa. Bibi Futi akaliona hilo. Akasema moyoni kwamba kinachowaamsha hawa ni namba, na namba isiposhuka hawataamka. Basi akawashushia. Aliyejitahidi alipewa nne. Aliyejitahidi sana, tano. Mpishi, aliyetoka jikoni saa za alfajiri na bado akatembea yote minane, futi ilisema thelathini na tisa, akaandikiwa thelathini na nne.

Dukani, mwenye kuandika ndiye aliyekuwa mwenye kukata. Zile inchi alizozimeza alizirudisha mwenyewe kwenye kitambaa na hakuna aliyedhurika. Kwenye mradi aliandika yeye na wakasoma wengine, watu wa mbali ambao hawakujua kwamba kuna kitu cha kuongeza. Hilo halikumjia akilini. Miaka hamsini mkono wake ulifanya jambo moja, ukaendelea kulifanya.

Awamu ya tatu nesi alifungua daftari akakunja uso kidogo.

"Bibi, Mpishi ni thelathini na tatu?"

"Mifupa mikubwa, mwanangu. Kiuno chenyewe kimejificha ndani."

Nesi akacheka. Alikuwa na mitaa sita, na siku hiyo alikuwa hajala. Akatia sahihi.

Ndipo alipokuja afisa wa mradi, bwana mmoja nadhifu ambaye wanawake walimbatiza jina la Bwana Asilimia, kwa sababu hakuweza kusalimia bila kutaja asilimia ngapi. Alitundika karatasi ukutani yenye mstari unaoteremka. Akasema mtaa huu umeshinda mingine yote. Viuno vimeshuka asilimia kumi na mbili. Kadi zilizotolewa ni tatu tu, zile za siku ya uzinduzi. Akina mama wakapiga vigelegele. Bibi Futi aliitwa mbele, akapewa cheti chenye fremu, na aliporudi kukaa shingo yake ilikuwa imenyooka kama ya bibi yake na ile cherehani. Bwana Asilimia akamalizia kwa kusema kwamba, kwa kuwa hapa kazi imekamilika, mwisho wa mwaka mizani, mashine ya presha na nesi vitahamishiwa kwenye mtaa wenye shida zaidi.

Vigelegele vilipungua, lakini havikukoma. Wengi hawakuwa wamesikia vizuri.

Wiki tatu baadaye, baada ya mizunguko minane, Mpishi alikaa langoni akavua kiatu cha kulia. Kikadondoka kijiwe, kikubwa kama punje ya hindi, chenye damu. Soksi ilikuwa imelowa.

"Ona hiki! Nimetembea nacho uwanja mzima wala sikukisikia," akasema. "Mnaona nilivyo ngangari?"

Wakacheka. Bibi Futi naye alicheka. Alimfunga mdogo wake kitambaa mguuni, akamwambia anawe kwa maji ya chumvi.

Kidonda hakikupona. Mpishi alikivalia buti la mpira akaenda kupika, siku kumi, siku kumi na tano, kwa sababu hakikuuma na kwa sababu watoto mia nne wanataka chakula saa sita. Binti yake, aliyekuwa msusi na chumba chake cha kusukia kiko nyuma ya duka la Bibi Futi, ndiye aliyesikia harufu. Mwanzoni alidhani panya amekufia chini ya kabati.

Hospitalini daktari alipima sukari, akaiangalia mashine, akaenda kuchukua mashine nyingine akapima tena. Kisha akamgeukia Msusi.

"Mama yako yuko kwenye ule mradi wa viuno? Nimeona fulana."

"Ndiyo, daktari. Tangu mwanzo."

"Kadi yake iko wapi?"

"Hana. Hajawahi kuzidi. Ana thelathini na tatu."

Daktari akamtazama mgonjwa kitandani, shuka lilivyopanda na kushuka. Akamtazama tena binti.

"Nani kampima?"

Bibi Futi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Futi ilikuwa shingoni. Hakuna aliyemwonyesha kidole.

"Mimi," akasema. "Ana arobaini na moja."

Mpishi alikuwa macho. Aligeuza kichwa juu ya mto.

"Dada. Ulijua?"

"Kiuno nilikijua. Mguu sikuujua."

Mpishi aligeukia ukutani, na upande ule akabaki. Mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti siku ya Alhamisi. Daktari alimweleza Msusi kwamba sukari ile ilikuwa imekaa mwilini muda mrefu, ndiyo iliyoua hisia za nyayo. Angepimwa damu mradi ulipoanza angepewa dawa, angeambiwa akung'ute kiatu kabla ya kukivaa. Jambo dogo hivyo. Na mguu wa kushoto nao haukuwa na hisia.

Bibi Futi alikuwa na kiburi, lakini hakuwa mwoga. Jumatatu alivaa gauni lake la kitambaa kizito, akaenda zahanati. Nesi alikuwa anafunga mashine kwenye maboksi, Bwana Asilimia amekaa mezani anajaza fomu za makabidhiano.

"Lile daftari ni la uongo," akasema Bibi Futi akiwa bado mlangoni. "Ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Msiondoe mashine. Hapa hakuna aliyepona."

Nesi aliacha kufunga kamba. Bwana Asilimia akatabasamu kama mtu anayemsubiri mzee amalize.

"Mama yetu, pole sana na mgonjwa. Una uchungu, tunaelewa."

"Uchungu ninao. Kalamu unayo wewe. Andika." Akafumba macho, akaanza kutoa viuno kichwani kimoja kimoja. "Mama Mboga, wa genge la pale kona, arobaini na mbili, na kwenye daftari lenu ni thelathini na saba. Mke wa mwalimu aliyeanguka, arobaini kamili, mmeandika thelathini na tano. Dada mwenye saluni, thelathini na nane na nusu. Mama wa mapacha, arobaini na nne, na huyo usiku anaamka mara sita kwenda chooni, kaniambia mwenyewe..."

Alitaja wote arobaini na tatu, kila mmoja na awamu zake tatu, bila kujikwaa. Alipofumbua macho, Bwana Asilimia hakuwa ameandika hata namba moja.

"Mama, kilicho kichwani siwezi kukituma. Ripoti ilishaondoka. Imeshasomwa. Mtaa mwingine umeshapangiwa vifaa. Nikisema leo kwamba namba zilikosewa, mradi wote utafungwa, wa huku na wa kule. Unataka hivyo?"

"Wapimeni upya."

"Kwa bajeti ipi?"

"Mimi nitawapima."

Hapo Bwana Asilimia hakuweza kujizuia, akacheka kidogo, na mara akajifanya anakohoa. Nesi alikuwa ameinamisha uso kwenye boksi. Alipomsindikiza Bibi Futi nje alikuwa analia.

"Sahihi ni yangu, Bibi," akasema. "Niliona thelathini na tatu nikacheka."

"Ulikuwa na njaa, mwanangu."

"Nitakuja siku zangu za mapumziko. Nitaazima mashine."

Alikuja mara moja. Halafu akapangiwa kituo kingine, mbali, na simu yake ikawa haipatikani.

Bibi Futi aliwaita wanawake uwanjani, akawaeleza yote, amesimama, hakukaa. Aliwaambia waende wakapimwe damu hospitali kubwa, wote, wasisubiri kadi. Zikafuata kelele.

"Kwa hiyo ulikuwa unatudanganya?"

"Mwaka mzima unanisifia, kumbe unanicheka moyoni!"

"Na sasa unavitaja viuno vyetu zahanati, mbele ya mwanamume!"

"Mimi simwamini," akasema mama wa mapacha. "Nimepungua. Najijua. Nguo zangu zinanilegea."

Bibi Futi akamtazama. Nguo zile alizishona yeye. Alijua kwa nini zinalegea: ndiye aliyezikata kwa kuachia.

"Mwenzangu," akamwambia polepole, "nenda kapime."

"Sina ugonjwa. Mtafutie mdogo wako sababu nyingine."

Walioenda hospitali walikuwa wawili. Mmoja alikuta foleni akarudi. Fulana za mradi ziliendelea kuonekana mtaani, moja kwenye kamba ya nguo, moja imefungwa kwenye bomba linalovuja, lakini uwanja ulibaki wa watoto wa shule. Mwenye karai alihamia karibu na ghala la saruji. Wateja wa Bibi Futi walimpungukia. Sio kwamba walimchukia kabisa. Waliona haya kusimama mbele ya mtu anayejua, na wakaanza kununua magauni yaliyokwishashonwa, yenye mpira kiunoni, ambayo hayamuulizi mtu namba. Mama wa mapacha alizikwa mwezi wa nne.

Mpishi alirudishwa nyumbani, akawekewa kitanda karibu na dirisha, na mahali pake shuleni pakachukuliwa na mwingine. Hakugombana na dada yake, na ingekuwa afadhali angegombana. Bibi Futi alikuja kila siku na uji usio na sukari. Mpishi aliunywa, akarudisha kikombe, akageukia dirisha. Siku moja Bibi Futi alipiga magoti akanyoosha mkono kuushika ule mguu uliobaki, autazame tu.

"Usinishike," akasema Mpishi.

"Nauangalia, mdogo wangu."

"Umeniangalia vya kutosha."

Tangu siku hiyo mguu wa kushoto ulikaa ndani ya shuka, na hakuna aliyejua kilichokuwa huko. Daktari alikuwa amesema uangaliwe kila siku, maana mguu usio na hisia hauwezi kujitetea, na ukishakatwa mmoja, wa pili kwa kawaida haukawii. Alilisema kwa upole, lakini alilisema.

Bibi Futi alitoka akazunguka nyuma ya duka, kwenye chumba cha kusukia. Msusi alikuwa peke yake, anafagia nywele. Alikuwa na miaka ishirini na sita na umbo la mama yake, na Bibi Futi, bila kutaka, alishamsoma tangu mlangoni: thelathini na saba.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Acha ufagio, kaa." Yeye mwenyewe akabaki amesimama. "Na wewe una thelathini na saba. Sikupunguzii. Kesho kutwa uende ukapime damu."

Msusi akauegemeza ufagio ukutani. Kisha akasema, "Nimesikia."

"Hilo ni lako. Sasa la mama yako. Mimi hanipi mguu, na hatanipa. Ana haki. Kwa hiyo nakuachia wewe, na ukishapewa ni kazi yako, hakuna wa kukupokea. Kila asubuhi, kabla hujafungua hapa, unamsogeza dirishani kwenye mwanga. Unaangalia unyayo wote. Unatenganisha vidole, kimoja kimoja, unaangalia katikati. Unapitisha kiganja, kama kuna pa moto kuliko kwingine utapajua. Kiatu unaingiza mkono ndani mpaka mwisho kabla hajakivaa, hata kama jana ulikikung'uta."

"Atakataa, mama mkubwa. Unamjua."

"Atakataa."

"Atanitukana."

"Atakutukana, atakuambia una mikono michafu, atalia. Siku nyingine atakuomba umwambie mguu uko salama. Atakuomba kwa sauti nzuri, ile ya utani wake, mpaka utamani kumpa. Ukiona wekundu, sema wekundu. Ukiona jeusi, sema jeusi, uite gari siku ile ile."

"Na nikisema, mguu utapona?"

Bibi Futi alisikiliza malori yaliyokuwa yanashusha saruji upande wa mbele.

"Sijui. Daktari hadhani."

"Sasa ya nini, mama mkubwa?"

"Ili ajue uko vipi. Basi."

Msusi alifuta mikono kwenye aproni. Nywele zilikuwa zimemganda vidoleni, akazitoa moja moja, taratibu, kama mtu anayevuta muda.

"Akiniuliza kama wewe ndiye uliyenituma?"

"Mwambie ndiyo."

"Atanitupia kikombe."

"Kiokote, halafu uendelee."

"Nianze kesho?"

"Leo. Mwanga bado upo. Anza na kisigino."